Maswali na Majibu: Kusoma Ripoti ya Kifaa cha Mbali Kabla ya Kukiwasha Upya

Barua tulizochagua kwa toleo hili zimetoka kwa watu wanaosimamia kompyuta ndogo zilizowekwa mbali na ofisi, kwenye vituo vya maziwa, mashamba, maduka na visima, ambako data huchakatwa papo hapo na matokeo tu ndiyo hutumwa makao makuu au kwenye wingu, yaani seva za mtandaoni. Waandishi wote wana ripoti za ufuatiliaji, na karibu wote wanalalamikia jambo moja: ripoti inaonyesha kwamba kuna hitilafu, lakini haisemi ni hitilafu gani. Barua tumezifupisha na majina ya taasisi tumeyaondoa.

SWALI: Tunasimamia vituo vya kukusanyia maziwa mkoani Njombe. Kila kituo kina kompyuta ya Raspberry Pi 4 inayosoma joto la tangi la kupoozea, kutoa tahadhari pale pale maziwa yanapopata joto, na kutuma vipimo ofisini kwa laini ya simu. Vituo viwili hupotea kwenye dashibodi kwa dakika chache, karibu kila siku, kisha hurudi vyenyewe. Mtoa huduma anasema laini ni nzima. Tumebadilisha modemu na antena, na sasa tunafikiria kubadilisha kompyuta zenyewe. Ripoti inaandika tu "haipatikani". Tuanzie wapi? *(Fundi wa mifumo, Njombe)*

JIBU: Ndugu fundi, ripoti inapoandika "haipatikani" inaeleza kilichoipata seva ya ofisini: ilisubiri ujumbe kutoka kituoni, muda uliopangwa ukapita, ikaandika hivyo. Kilichotokea kituoni kinaweza kuwa jambo lolote kati ya matatu. Huenda kompyuta imezimika. Huenda kompyuta inafanya kazi lakini njia ya mtandao imekatika. Au huenda vyote viwili ni vizima ila programu inayotuma vipimo imekwama. Modemu na antena mpya zingesaidia katika jambo la pili peke yake, na katika barua yenu sioni aliyethibitisha kwamba ndilo lililotokea.

Uthibitisho wenyewe mnao tayari. Tafuteni katika ripoti kipimo cha muda ambao kompyuta imekaa ikiwaka bila kuzimwa, ambacho karibu kila programu ya ufuatiliaji hukikusanya hata kama hakuna anayekitazama. Ikiwa kabla ya kupotea kituo kilikuwa kimewaka kwa saa 190, na kiliporudi kikasema saa 190 na dakika saba, basi hakikuzimika, na mnapaswa kutafuta hitilafu kwenye mtandao au kwenye programu. Ikiwa kiliporudi kilisema dakika mbili, basi kilizimika na kuwaka upya, na hakuna antena itakayokiponya. Baada ya hapo tazameni pengo lenyewe. Ikiwa programu yenu huhifadhi vipimo wakati mtandao haupo, na vipimo vya joto vya dakika hizo vimefika baadaye, kompyuta ilikuwa ikisoma tangi muda wote huo. Pengo likibaki tupu, kifaa au programu ilikuwa imesimama.

Mimi naegemea upande wa kuzimika, kwa sababu barua yenu inataja tangi la kupoozea, na tangi lina kompresa, ambayo huvuta umeme mwingi inapoanza kufanya kazi. Fanyeni jambo moja kabla ya kufunga safari ya kwenda kituoni: pangeni nyakati za kupotea kwa wiki nzima, halafu mzilinganishe na nyakati ambazo maziwa humiminwa. Hapa mkumbuke kwamba seva nyingi huandika muda wa kimataifa wa UTC, ambao uko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tukio lililoandikwa 15:05 kwenye ripoti lilitokea saa 12 na dakika tano jioni kituoni, na lililoandikwa 04:10 lilitokea saa moja na dakika kumi asubuhi. Nimeona mafundi wakimhoji mlinzi kuhusu kilichotokea alasiri, wakati tukio lenyewe lilikuwa la jioni, maziwa ya pili yalipofika na kompresa ikaanza kufanya kazi kwa nguvu. Nyakati hizo zikikutana, mna sababu nzuri ya kuushuku umeme.

Raspberry Pi yenyewe huweka ushahidi wa umeme dhaifu. Amri ya vcgencmd get_throttled hutoa namba moja inayobeba alama kadhaa. Ikisoma 0x0, hakuna kilichoonekana tangu kompyuta iwashwe. Ikisoma 0x50000, umeme umewahi kushuka chini ya kiwango na kichakataji kimewahi kupunguzwa kasi, ingawa kwa sasa hali ni shwari. Ikisoma 0x50005, mambo hayo mawili yamewahi kutokea na yanatokea wakati huo huo mnaposoma. Kiwango kinachohusika ni takriban volti 4.63 kwenye kompyuta yenyewe, na umeme unaweza kushuka hadi hapo hata kama adapta imeandikwa volti 5, kwa kuwa waya mrefu na mwembamba wa USB hupoteza sehemu ya umeme njiani. Kasi hupunguzwa pia kwa sababu ya joto, kuanzia nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na hubanwa zaidi ikifika nyuzi 85. Kwa hiyo someni joto la kichakataji sambamba na namba hiyo, msije mkailaumu adapta kwa kosa la kasha lililoachwa juani.

Tatizo ni kwamba alama hizo hufutika kompyuta inapozimika, na kompyuta yenu huzimika katika dakika ile ile ambayo ushahidi ulihitajika. Ndiyo maana namba hiyo inapaswa kuingizwa katika ripoti ya kawaida na kutumwa kila dakika au kila dakika mbili, badala ya kusomwa na fundi aliyefika siku ya pili yake. Logi, yaani maandishi ya matukio ambayo mfumo hujiandikia, nazo zinahitaji uangalizi huo huo: katika mifumo ya Linux inayotumia systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo), logi zinaweza kuwa zimepangwa kukaa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea umeme ukikatika. Mkizipanga zikae kwenye diski, amri ya journalctl -b -1 itawaonyesha kilichoandikwa kabla ya kuzimika. Logi zikikatika ghafla katikati ya kazi, bila dalili yoyote ya mfumo kufunga huduma zake kwa utaratibu, umeme ulikatika. Zikionyesha huduma zikifungwa moja baada ya nyingine, kuna mtu au programu iliyotoa amri.

Kuna jambo jingine litakalowachanganya mnapozipanga nyakati hizo. Raspberry Pi 4 haina saa yake yenye betri. Ikiwaka bila mtandao huanza na muda wa mwisho uliohifadhiwa kwenye faili, kisha hujirekebisha ikipata muda sahihi kutoka mtandaoni. Vipimo vya dakika za kwanza baada ya kuwaka vinaweza kubeba muda wa zamani, na kwenye dashibodi vitaonekana kana kwamba vilisomwa kabla ya tukio. Saa ikiwa nyuma kwa siku nyingi, hata muunganisho salama unaweza kukataliwa, kwa sababu cheti cha seva, ambacho ndicho kitambulisho chake mtandaoni, kitaonekana hakijaanza kutumika, na fundi atahangaika na vyeti ambavyo havina kosa. Saa ndogo yenye betri ya aina ya DS3231 huondoa usumbufu huo. Raspberry Pi 5 ina sehemu ya saa tayari, lakini nayo inahitaji kuunganishiwa betri ndogo ili itunze muda umeme ukiisha kabisa.

Ikithibitika kuwa ni umeme, tumieni adapta ya volti 5.1 na ampea 3 inayopendekezwa kwa Pi 4, waya mfupi na mnene, na ikiwezekana betri ya akiba kati ya umeme wa jengo na adapta. Kompyuta isichukue umeme kwenye soketi moja na kompresa. Fanyeni hivyo katika kituo kimoja kwanza, na cha pili kiacheni kilivyo. Baada ya wiki mbili ripoti za vituo hivyo viwili, zikiwekwa pamoja, zitawapa jibu ambalo hamlipati mkivirekebisha vyote kwa siku moja. Kompyuta mpya zisubiri.

SWALI: Shamba letu la maua karibu na Naivasha linatumia Azure IoT Edge, programu ya Microsoft inayochakata data hapo hapo na kuituma kwenye wingu, kusimamia joto na unyevu katika vitalu vya nailoni. Juzi mtandao ulikatika kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Vipimo vya saa mbili za mwisho, yaani kuanzia saa 11 alfajiri, vilifika vyote. Vya kabla ya hapo havijafika mpaka leo. Ripoti ya kompyuta inaonyesha iliwaka usiku kucha na programu zote zilikuwa hai. Je, diski imeharibika? *(Msimamizi wa vitalu, Kenya)*

JIBU: Ndugu msimamizi, swali lako limejibiwa nusu na umbo la pengo ulilolieleza. Diski inayoharibika haichagui kutunza saa mbili za mwisho na kupoteza tisa za mwanzo kwa mpaka ulionyooka namna hiyo. Mpaka wa namna hiyo hutokana na mpangilio.

Katika Azure IoT Edge, sehemu iitwayo edgeHub hupokea ujumbe kutoka kwa programu za hapo shambani na kuutunza mpaka utakapoweza kutumwa. Ujumbe huo hautunzwi milele. Kuna thamani iitwayo timeToLiveSecs ndani ya mipangilio ya kuhifadhi na kutuma, na ikiachwa ilivyo ni sekunde 7200, ambazo ni saa mbili kamili. Mtandao uliporudi saa moja asubuhi, kilichokuwa na umri wa zaidi ya saa mbili kilikuwa kimekwisha kutupwa, na mfumo ulifanya ulivyoagizwa bila kukosea popote. Ndiyo sababu hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Ongezeni thamani hiyo kulingana na mkatiko mrefu zaidi mnaoutarajia, si kulingana na ule wa juzi. Siku tatu ni sekunde 259200. Kabla ya kuiweka, pigeni hesabu ya nafasi: kiasi cha data mnachozalisha kwa saa moja, mara 72, kisha ongezeni akiba, kwa kuwa diski ikijaa mtapoteza zaidi ya vipimo. Hakikisheni pia kwamba hifadhi ya edgeHub imeunganishwa na folda ya kompyuta mwenyeji. Ikiwa iko ndani ya kontena peke yake, yaani kile kifurushi kilichotengwa ambamo programu huendeshwa, siku kontena litakapoundwa upya, kwa mfano baada ya kusasishwa, akiba yote iliyokuwa ikisubiri mtandao itaondoka nalo.

Kwa upande wa ripoti, kuna kipimo kinachoitwa edgehub_messages_dropped_total ambacho huhesabu ujumbe uliotupwa pamoja na sababu yake, iwe ni muda wake kuisha au kukosa njia ya kupelekwa. Kiwekeni kwenye dashibodi na mkiwekee tahadhari, maana kila kinapopanda kuna data iliyopotea huku kila programu ikionekana hai. Kipimo cha urefu wa foleni, edgehub_queue_length, kitawaonyesha foleni ikikua mtandao ukikatika na ikipungua ukirudi. Ikiwa mtandao umerudi na foleni bado inakua, laini imerudi kwa jina tu, au ni nyembamba kuliko data mnayozalisha.

Jambo la mwisho kwako linahusu grafu. Hakikisheni dashibodi inapanga vipimo kwa muda viliposomwa kitaluni, na siyo muda vilipofika kwenye wingu. Mkitumia muda wa kufika, vipimo vya alfajiri vilivyochelewa vitarundikana saa moja asubuhi, na mtu atakayesoma grafu hiyo ataamini joto lilipanda na kushuka mara kadhaa ndani ya dakika moja.

SWALI: Wanafunzi wangu wameunda programu inayohesabu magari kwa kamera, ikiendeshwa ndani ya kontena la Docker (programu ya kuendesha makontena) kwenye kompyuta ndogo iliyofungwa karibu na barabara. Kila baada ya saa kadhaa kontena hujifunga likiwa na msimbo 137, kisha hujiwasha upya. Wao wanasema kumbukumbu imejaa. Mimi nimetazama ripoti ya siku na kuona wastani wa matumizi ya kumbukumbu ni asilimia 55 tu. Nani yuko sahihi? *(Mwalimu wa chuo, Arusha)*

JIBU: Mwalimu, inawezekana nyote mko sahihi, na wastani ndiyo uliowagombanisha. Tuseme kumbukumbu inaanza na asilimia 15 kontena linapowaka, inapanda taratibu hadi asilimia 95, kontena linauawa, na mzunguko unaanza tena. Wastani wa mwendo huo ni asilimia 55 kamili, na kompyuta huenda isikae kwenye asilimia 55 kwa zaidi ya dakika chache katika kila mzunguko. Ombeni ripoti inayoonyesha kiwango cha juu na cha chini kwa kila dakika tano, na mchoro wenye meno ya msumeno utajitokeza wenyewe.

Kuhusu msimbo, 137 ni 128 ukijumlisha 9, yaani programu ilipigwa ishara namba 9 ya Linux, ambayo huua bila kumpa mhusika nafasi ya kujitetea. Msimbo hausemi aliyeipiga ni nani. Anaweza kuwa ni kiini cha mfumo (kernel, sehemu ya Linux inayogawa kumbukumbu kwa programu) kilichoishiwa kumbukumbu, lakini amri ya kawaida ya docker stop nayo huacha msimbo huo huo: kwanza huomba kontena lijifunge, husubiri sekunde 10, na lisipojifunga huliua. Kwa hiyo wanafunzi waendeshe docker inspect na kusoma sehemu ya OOMKilled, na watafute katika logi ya kiini sentensi inayoanza na "Out of memory". Zikipatikana zote mbili, hoja yao imesimama. Zikikosekana, watafute mtu au ratiba inayolizima kontena hilo.

Wakishinda hoja hiyo, wabaki na kazi ngumu zaidi ya kueleza kwa nini kumbukumbu inapanda. Hapa grafu ya kumbukumbu iwekwe juu ya grafu ya idadi ya magari. Ikiwa mstari hupanda kwa mwinuko ule ule mchana na saa nane usiku, barabara ikiwa tupu, programu inashikilia picha ambazo ilipaswa kuziachia, na kosa liko kwenye programu waliyoiandika. Ikiwa mstari hupanda magari yanapoongezeka na kushuka yanapopungua, programu ni nzima ila kompyuta ni ndogo kwa kazi hiyo, au picha zinaingia kwa kasi kuliko zinavyochakatwa na foleni inakua. Tiba za hali hizi mbili hazifanani: hali ya kwanza haiponi kwa kununua kumbukumbu zaidi, bali hucheleweshwa tu kufika pale pale.

Ningewapa pia wanafunzi zoezi la kuliwekea kontena ukomo wa kumbukumbu. Kompyuta nzima ikiishiwa, kiini cha mfumo huchagua mwathirika kwa alama zake chenyewe, na anayeuawa si lazima awe ndiye aliyeimaliza. Anaweza kuwa ni programu ya ufuatiliaji, na hapo mtapoteza ripoti katika dakika mliyoihitaji kuliko zote. Ukomo huhakikisha kwamba anayekula kupita kiasi ndiye anayeondolewa. Ikiwa kompyuta yenyewe ni Raspberry Pi na docker stats inaonyesha kila kontena linatumia kumbukumbu sifuri, hesabu ya kumbukumbu haijawashwa kwenye kiini, na ukomo mtakaouandika hautafanya kazi mpaka iwashwe.

Wakikutana na misimbo mingine: 139 maana yake programu iligusa eneo la kumbukumbu lisilo lake, na 143 maana yake iliombwa ijifunge nayo ikakubali. Namba 1 kwa kawaida ni kosa ambalo programu yenyewe imelitambua, na maelezo yake yamo kwenye logi ya kontena.

SWALI: Kila duka letu lina kompyuta yake inayoendesha programu ya mauzo, ili mauzo yasisimame mtandao ukikatika. Dashibodi ni ya kijani kutoka juu hadi chini, na muda wa wastani wa kutoa risiti ni chini ya nusu sekunde. Hata hivyo wahudumu wa malipo wanalalamika kuwa mashine hukwama. Nimeanza kudhani wanasingizia. *(Meneja wa mifumo, Dar es Salaam)*

JIBU: Ndugu meneja, usiwahukumu mapema. Chukua risiti 1000, na 980 kati yake zitoke kwa sekunde 0.2 kila moja huku 20 zikichukua sekunde 15. Wastani wake ni sekunde 0.496, chini ya nusu sekunde kama ripoti yako inavyosema, ilhali wateja 20 wamesimama mbele ya mashine iliyoganda. Wengi hushauri kutazama kiwango ambacho asilimia 95 ya risiti hazikukivuka. Katika mfano huu hata hicho kingesema sekunde 0.2 na kukuficha ukweli. Tazama cha asilimia 99, na utazame kimoja kimoja kwa kila duka badala ya maduka yote kwa pamoja, kwa maana duka moja lenye shida humezwa na mengine yaliyo mazima.

Rangi ya kijani kwa kawaida huthibitisha kwamba programu iko hai na inajibu inapoulizwa. Ongeza kipimo kinachoulizwa na wachache: risiti ya mwisho katika duka hili ilikamilika lini? Duka lililo wazi ambalo halijatoa risiti kwa dakika 20 saa sita mchana linastahili kupigiwa simu, hata liwe la kijani kiasi gani.

Kuhusu chanzo, tazama mzigo wa mfumo (idadi ya kazi zinazoendeshwa au kusubiri zamu) sambamba na matumizi ya kichakataji katika dakika zile zinazolalamikiwa. Kwenye Linux, mzigo huhesabu pia kazi zinazosubiri diski, kwa hiyo mzigo wa 6 kwenye kompyuta ambayo kichakataji chake kinatumika kwa asilimia 10 unaashiria kwamba kazi zimepanga foleni mbele ya diski. Kompyuta zikiwa zinatumia memori kadi, angalia kama kuna makosa ya kusoma na kuandika kwenye logi ya kiini. Kadi iliyochoka huanza kwa kuchelewa, kisha siku moja mfumo huigeuza kuwa ya kusomwa tu ili kunusuru kilichobaki. Angalia pia logi za Docker zenyewe. Katika mpangilio wa kawaida wa json-file hazina ukomo wa ukubwa mpaka uwekewe, na diski nyingi zilizojaa nilizoziona zilijazwa na logi za programu ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma.

SWALI: Tuna pampu za maji za sola vijijini, na kila kompyuta hutuma ripoti kila sekunde 15. Bando linaisha kabla ya mwezi. Tukipunguza ripoti, tunaogopa kutojua pampu ikizimika. *(Mratibu wa mradi wa maji, Dodoma)*

JIBU: Ndugu mratibu, sekunde 15 ni ripoti 5760 kwa siku. Ripoti moja ikiwa na kilobaiti 2, hiyo ni takriban megabaiti 345 kwa mwezi kwa kila pampu, kabla ya gharama ya kufungua muunganisho salama upya kila mara, ambayo inaweza kuzidi ripoti yenyewe. Kila dakika tano ni ripoti 288 kwa siku, na mwezi mzima hauzidi megabaiti 18. Kompyuta iendelee kusoma pampu kila sekunde 15 hapo hapo kisimani, lakini kila dakika tano itume muhtasari wenye kiwango cha chini, cha juu na cha wastani. Vipimo kamili vya siku chache zilizopita vibaki kwenye diski yake, ili fundi aviombe siku vinapohitajika. Panapotokea jambo la hatari, kwa mfano pampu kuzunguka bila maji, ripoti itumwe mara moja bila kusubiri zamu.

Hofu ya kutojua pampu imezimika ina ufumbuzi wake wa zamani. Itifaki ya MQTT, yaani kanuni za vifaa kutumiana ujumbe mfupi kupitia seva, ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Kifaa kikiunganishwa huacha kwa seva ujumbe wa wosia, nayo seva huutangaza kifaa kikipotea bila kuaga. Muda wa kugundua unaupanga mwenyewe kwa thamani ya keepalive, yaani muda mrefu zaidi ambao kifaa kinaruhusiwa kukaa kimya: seva husubiri mara moja na nusu ya thamani hiyo. Ukiiweka sekunde 60 utajua baada ya sekunde 90, ukiiweka sekunde 300 utajua baada ya dakika saba na nusu, na muunganisho unabaki wazi bila ripoti kamili kutumwa. Baadhi ya mitandao ya simu hukata muunganisho uliokaa kimya kwa muda mrefu, kwa hiyo anza na sekunde 120, hesabu ni wosia mangapi ya uongo yanatangazwa kwa wiki katika kila kisima, kisha rekebisha kisima kimoja kimoja kadiri laini yake inavyoruhusu.